Makufuli Mawili: Nani Hutuma Programu Karagwe na Kyerwa?

Katika chama cha msingi cha kahawa kinachojiheshimu, ghala halifungwi na mtu mmoja. Mlango una makufuli mawili, ufunguo mmoja kwa mtunza ghala na mwingine kwa katibu au mjumbe wa bodi. Anayepima hatakiwi kuwa ndiye anayeandika stakabadhi, na anayeandika stakabadhi hatakiwi kuwa ndiye anayelipa. Mkulima wa Nyaishozi wilayani Karagwe au Nkwenda wilayani Kyerwa hakuhitaji kusomea usalama wa kompyuta ili aelewe sababu yake. Kahawa ya maganda ni fedha, na fedha ikikaa chini ya mkono mmoja, siku ikipungua hutajua umwulize nani.

Sasa sehemu ya ghala hilo imehamia ndani ya programu. Ushuru wa mazao, ambao kwa zao la biashara ni asilimia 3, unakatwa kwa mashine za POS za halmashauri. Vyama vinawasilisha hesabu zao kwenye MUVU, mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Katika misimu ya karibuni kahawa imenadiwa kupitia mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Kwenye vituo vya afya kuna mfumo wa GoTHOMIS, na takwimu za wagonjwa zinapanda kila mwezi hadi kwenye mfumo wa taarifa za afya wa DHIS2. Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, Tanzania, zilikuwa wilaya moja hadi mwaka 2012. Leo zina halmashauri mbili, lakini programu wanazotumia makarani wao kwa sehemu kubwa ni zilezile, na zinatoka mbali.

Programu haikai ilivyo. Inabadilishwa. Toleo jipya linatoka mahali fulani, limetumwa na mtu fulani, linafika kwenye mashine ya karani wa Kaisho usiku akiwa amelala. Asubuhi anaiwasha na kukuta kitufe kimehama, au risiti imebadilika sura, au mfumo umegoma kabisa. Mkulima aliyefunga gunia kwenye pikipiki tangu alfajiri anaambiwa, “Samahani mzee, tusubiri wa mjini watengeneze.” Hao wa mjini ni akina nani? Walituma toleo hilo kwa ufunguo gani, na nani mwingine ana ufunguo kama huo?

Ushauri wa usalama tunaosikia redioni na kwenye semina unamtazama karani na mkulima. Usimpe mwenzako neno la siri. Usitaje namba yako ya siri kwenye simu. Ni ushauri wa kweli, nami nimewahi kuutoa. Lakini karani akiibiwa nywila yake, hasara ni ya geti moja la ushuru kwa siku kadhaa. Anayepata ufunguo wa mahali programu inapojengwa na kutumwa anapata mageti yote kwa pamoja, na kila mashine itampokea kama mwenyeji. Huko ndiko ruhusa zinakogawiwa ovyo kuliko kokote, na huko ndiko sisi wa wilayani hatujawahi kuuliza.

Kabla ya lami ya Kyaka hadi Bugene, fundi alikuja na flashi mfukoni. Alivumilia vumbi, akaingia ofisini, akaketi mbele ya kompyuta huku mhasibu akimwangalia. Ilikuwa kazi ya polepole, lakini kila mtu alijua uso wa aliyebadilisha mfumo. Leo msanidi anaandika msimbo Dodoma, Dar es Salaam au Nairobi na kuuweka kwenye hazina ya msimbo kama GitHub au GitLab. Mtambo wa kusambaza programu, Jenkins au TeamCity kwa mfano, unauchukua, unaujenga, unaujaribu, kisha unausukuma kwenye seva na vifaa. Ili ufanye yote hayo bila kumwamsha mtu, mtambo lazima ubebe funguo: wa hazina, wa seva, wa hifadhidata, na ule wa kutia sahihi kwenye programu. Ni sawa na kijana mmoja wa ghala aliyekabidhiwa funguo za vyama vyote kwa sababu wakubwa hawataki kugongewa mlango usiku. Kijana ni mwaminifu kabisa. Shida ni kwamba anamtii yeyote anayejua namna ya kumwagiza.

Jenkins ndio mfano ninaoujua vizuri, na ni bure, kwa hiyo umeenea hadi kwenye kampuni ndogo za kwetu. Ulianza kwa jina la Hudson mikononi mwa Kohsuke Kawaguchi alipokuwa Sun Microsystems, ukachukua jina la sasa mwaka 2011. Hadi toleo la 2.0 la Aprili 2016, ukiusimika haukuuliza nywila. Yeyote aliyefika kwenye anwani yake alikuwa bwana. Toleo la 2.0 lilileta nywila ya kuanzia. Lakini mpangilio unaoachwa baada ya usimikaji ni ule unaosema kwamba aliyeingia anaweza kufanya lolote. Kwa timu ya watu watatu wanaoaminiana mpangilio huo haumsumbui mtu. Kisha timu inakua. Anakuja mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, anapewa akaunti ili aangalie kama kazi imepita, na akaunti hiyohiyo inamfungulia ukurasa wa kuendesha amri ndani ya seva yenyewe. Mlango wa mbele una kufuli. Vyumba vya ndani havina hata komeo.

Januari 2024 Jenkins wenyewe walitangaza kosa lililopewa namba CVE-2024-23897. Alama ya @ ikiandikwa mbele ya jina la faili katika amri za mbali, mtambo ulisoma faili hilo na kulirudisha kama ujumbe wa hitilafu. Asiye na ruhusa yoyote aliweza kupata mistari michache ya mwanzo. Mwenye ruhusa ya kutazama tu aliweza kupata faili zima. Mistari michache inaonekana kama makombo, mpaka ukumbuke kwamba nywila huandikwa kwenye mstari mmoja. Mwezi huohuo GitLab walirekebisha kosa lao, CVE-2023-7028, lililowezesha kiungo cha kubadili nywila kutumwa kwenye barua pepe ya mtu mwingine. TeamCity ilikuwa na milango miwili ya namna hiyo ndani ya miezi sita, Septemba 2023 na Machi 2024, na Desemba katikati yake Marekani, Uingereza na Poland zilitoa onyo la pamoja kwamba majasusi wa Urusi walikuwa wanautumia ule wa kwanza.

Makosa hayo yana dawa: unasasisha mtambo. Kuna udhaifu mwingine usiotokana na kosa lolote la programu, na ndio unaonitia hofu zaidi. Maelekezo ya kujenga programu huandikwa kwenye faili linalokaa pamoja na msimbo. Mtambo ukiona faili limebadilika, unafuata maelekezo mapya kwa kutumia funguo zake zote. Kwa hiyo aliyepewa ruhusa ya kuandika msimbo tu, ambaye kwenye karatasi haruhusiwi kugusa seva, anaweza kuongeza mstari mmoja usemao: chukua funguo ulizonazo, zichapishe hapa. Hakuvunja chochote. Alimwagiza kijana wa ghala. OWASP, jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa usalama wa programu, iliuweka udhaifu huu kwenye orodha yake ya hatari kumi za mitambo hii mwaka 2022, pamoja na ule wa akaunti zenye ruhusa kubwa kupita kazi zake. Machi 2025 dunia iliona unavyofanya kazi. Kipande kidogo cha msimbo kiitwacho tj-actions/changed-files, kilichotumiwa na hazina zaidi ya 23,000 za GitHub, kilibadilishwa na mtu aliyepata ufunguo. Majina ya matoleo ya zamani yalielekezwa kwenye msimbo mpya wenye sumu, na mitambo ya watu ikaanza kuchapisha siri zake kwenye kumbukumbu za kazi.

Msomaji wa Kayanga anaweza kuuliza haya yanamhusu nini. Namwomba atazame Uswidi, kwa sababu huko aliyeumia alikuwa mshirika mwenzetu. Coop ni mtandao wa maduka ya ushirika, mkubwa kuliko chochote tulichonacho, lakini mzizi wake ni uleule wa wanachama kuunganisha nguvu. Ijumaa ya Julai 2, 2021, wahalifu wa kundi la REvil walipitia udhaifu kwenye programu ya Kaseya VSA. Kazi ya programu hiyo ni moja: kumwezesha fundi aliye mbali kusimamia na kutuma programu kwenye kompyuta za wateja. Wahalifu waliutumia mtambo huo jinsi ulivyokusudiwa kutumika, ila walichotuma kilifunga mafaili na kudai fidia. Coop haikuwa mteja wa Kaseya. Msambazaji wake wa mifumo ya malipo ndiye aliyekuwa akiitumia. Mashine za malipo ziligoma, na Jumamosi Coop ikafunga sehemu kubwa ya maduka yake yapatayo 800. Ndani ya maduka hayo hakuna aliyetoa nywila wala kubofya kiungo cha ovyo. Wanachama wa ushirika walifungiwa duka lao na udhaifu wa ruhusa kwenye chombo ambacho wengi wao hawakuwahi kusikia jina lake.

Mfano mwingine uko karibu zaidi na ofisi zetu za mapato. M.E.Doc ilikuwa programu ya hesabu na kodi ambayo kampuni nyingi za Ukraina zilitumia kuwasilisha ritani. Juni 27, 2017, kupitia seva ya kusambazia matoleo yake, ilitoka sumu iliyoitwa NotPetya. Ilitoka Ukraina ikaingia kampuni ya meli ya Maersk, ikasimamisha bandari, ikaitia hasara ya dola milioni 250 hadi 300. Maersk ilipotafuta nakala ya orodha yake ya watumiaji na ruhusa zao ili ijenge upya mtandao, nakala zote za dunia zilikuwa zimefutika isipokuwa moja, iliyokuwa Ghana. Ilipona kwa sababu umeme ulikuwa umekatika pale na kompyuta haikuwa hewani. Nililisoma jambo hilo nikiwa gizani, umeme umekatika kwetu pia, na sijalisahau. Kampuni yenye meli kwenye bahari zote iliokolewa na kukatika kwa umeme Afrika.

Kwetu Afrika Mashariki wizi mkubwa wa mifumo bado hupitia ruhusa za watu. Kenya, mwaka 2015, shilingi milioni 791 za Huduma ya Vijana kwa Taifa zilipopotea, mojawapo ya madai yaliyosikika ni kwamba nywila za afisa kwenye mfumo wa fedha wa IFMIS zilitumiwa na watu wengine kuidhinisha malipo. Uganda, Oktoba 2020, wezi waliingia kupitia Pegasus, kampuni inayounganisha benki na fedha za simu, na miamala kati ya benki na simu ikasimamishwa nchi nzima. Mwishoni mwa mwaka 2024 ziliibuka habari za fedha zilizotolewa Benki Kuu ya Uganda. Mwanzoni mwa 2025 maofisa wa ofisi ya Mhasibu Mkuu wa Serikali walifikishwa mahakamani wakidaiwa kuhusika na malipo ya madeni ya nje yaliyoelekezwa kusikostahili. Mahakama ndiyo itakayosema nani alifanya nini. Kilicho wazi ni kwamba maofisa wanaoshtakiwa walikuwa ndani ya ofisi yenyewe. Na hapa nyumbani, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kuhusu serikali za mitaa zimerudia kwa miaka mambo yaleyale kuhusu makusanyo: POS zilizokaa muda mrefu bila kuwa hewani, fedha zilizokusanywa zisifike benki, marekebisho ya miamala ndani ya mfumo yasiyo na idhini. Neno “marekebisho” ndilo la kushika. Mtu alikuwa na ruhusa ya kurekebisha, na hakuna wa pili aliyetakiwa kukubali.

Sasa ufikirie ruhusa hiyo ikipanda ngazi moja, kutoka kurekebisha muamala hadi kurekebisha programu inayohesabu miamala. Tuchukulie mizani ya kidijitali inayopunguza gramu 200 kwa kila gunia kwa sababu ya mstari mmoja wa msimbo. Kwa bei ya shilingi 4,000 kwa kilo hiyo ni shilingi 800, kiasi ambacho mkulima atadhani ni unyevu au vumbi. Kwenye magunia 10,000 ni shilingi milioni 8. Hakuna karani wa kumkamata. Karani naye ameonyeshwa namba ileile. Wakulima wetu wameshaijua butura, kununuliwa kahawa ikiwa bado maua, na wamewajua walanguzi wanaovusha magunia Mto Kagera kwenda Uganda. Hao wote walikuwa na sura. Huyu hana.

Mazingira ya huku yanaukuza udhaifu. Mafundi wako mbali na safari ni ghali, kwa hiyo kompyuta nyingi za ofisi ndogo zinawekewa AnyDesk au TeamViewer yenye nywila ya kudumu, ili fundi aingie wakati wowote bila mtu wa kumkubalia. AnyDesk yenyewe ilitangaza Februari 2024 kwamba seva zake zilivamiwa, ikabidi ibadili cheti chake cha kutia sahihi programu. Mtandao ukisuasua, toleo jipya la programu ya simu linarushwa kama faili kwenye kundi la WhatsApp na makarani wanaambiwa walisimike. Hapo Android ina ulinzi mmoja mzuri ambao wachache wanaujua: simu haitakubali toleo jipya juu ya la zamani mpaka sahihi zifanane. Sahihi hiyo ni ufunguo. Kwa wasambazaji wadogo ufunguo huo mara nyingi ni faili moja kwenye kompyuta mpakato ya mtu mmoja. Kompyuta ikiharibika, programu haitasasishwa tena kamwe kwa njia ya kawaida. Ikiibwa, mwizi anaweza kutengeneza toleo ambalo kila simu ya chama italiamini.

Nami nimekuwa sehemu ya tatizo hili. Nilifanya kazi ya muda kwa msambazaji mmoja wa mifumo, nikapewa ufunguo wa seva ya kutuma matoleo kwa wateja zaidi ya kumi. Kazi iliisha, tukapeana mikono, nikalipwa. Miezi kumi na moja baadaye nilikuwa nasafisha kompyuta yangu nikaukuta ufunguo ule. Niliujaribu kwa sekunde moja tu, nikaingia. Hakuna aliyekuwa ameniondoa, kwa sababu sote tulitumia akaunti moja yenye jina la mtambo, na kuniondoa mimi kungemaanisha kubadili ufunguo wa kila mtu. Kumbukumbu za seva zingeonyesha kwamba aliyeingia ni “mtambo”. Niliwaandikia, nikafuta ufunguo upande wangu. Nikakaa nikiwaza wale wateja, mmoja wao zahanati, ambao hawakujua kwamba mtu wasiyemfahamu angeweza kubadilisha programu yao akiwa sebuleni kwake.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamshughulikia anayeingia kwenye mfumo kinyume cha sheria, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Ni sheria zinazohitajika. Lakini zinaanza kusema baada ya jambo kutokea, na mwenye ruhusa pana kuliko kazi yake hajavunja kitu mpaka siku anapovunja.

Najua jibu la wasanidi, kwa sababu ni jibu nililowahi kulitoa: tuko wawili, mmoja akiandika na mwingine akiumwa nani ataidhinisha? Kwenye timu ndogo kutenganisha majukumu kunaonekana anasa. Sikubaliani tena na jibu hilo. Anayeshika kufuli la pili la ghala si lazima ajue kupima kahawa. Anatakiwa awepo, na ajue kwamba leo ghala linafunguliwa. Vivyo hivyo, mitambo mingi ya sasa inaweza kusimama na kusubiri mtu wa pili abonyeze kukubali kabla toleo halijaenda kwa wateja. Mtu huyo anaweza kuwa mhasibu wa chama kikuu kama KDCU, ambacho vyama vya msingi vya wilaya zote mbili viko chini yake. Hatasoma msimbo. Atauliza kimebadilika nini, nani amekijaribu, na kwa nini kiende leo. Tena ana ujuzi ambao msanidi wa Dar es Salaam hana: anajua juma la mnada ni lipi, na kwamba juma hilo hakuna toleo litakaloingia ila la kuziba hatari iliyothibitika. Hata Coop wangeshukuru kupata mtu wa namna hiyo kwa msambazaji wao Ijumaa ile, ingawa mbele ya udhaifu wa Kaseya wenyewe asingetosha. Watafiti wa usalama wa Kiholanzi wa DIVD waliuripoti udhaifu huo tangu Aprili na marekebisho yalikuwa bado hayajakamilika.

Kwa mifumo ya serikali kuu, mhasibu wa Kayanga hatapewa kitufe, na hapaswi kupewa. Hapo swali linapanda kwa Mamlaka ya Serikali Mtandao na TAMISEMI: je, anayeandika msimbo wa makusanyo anaweza pia kuusukuma kwenye mashine za halmashauri zote bila mwingine kukubali? Diwani yeyote wa Karagwe au Kyerwa anaweza kuliuliza swali hilo kwa Kiswahili, kwenye baraza, na kutaka lijibiwe kwa maandishi. Kwa mifumo ambayo chama, SACCOS, shule au zahanati imeinunua kwa fedha zake, swali ni la mkutano mkuu wa mwaka, palepale wanachama wanapouliza kuhusu mizani na mikopo ya pembejeo. Orodha ya walio na ufunguo wa kutuma matoleo isomwe kwa majina ya watu, bila jina la “mtambo” kuwamo. Waliokwisha kuondoka watajwe wameondolewa tarehe gani.

Na kuna kazi ambayo hata chama chenye kompyuta moja kinaweza kuifanya. Mwaka 2021 kampuni ya Codecov ya Marekani ilitoa kipande cha programu ambacho mvamizi alikuwa amekibadilisha tangu Januari 31, na kwa miezi miwili kiliiba siri za wateja bila Codecov wenyewe kugundua. Aprili 1 mteja mmoja alipakua faili, akakokotoa alama yake ya utambulisho, ile tarakimu ndefu inayobadilika hata herufi moja ikiguswa, akailinganisha na alama iliyotangazwa na kampuni. Hazikufanana. Akawaandikia. Kompyuta ya kawaida inakokotoa alama hiyo kwa amri moja, na karani anayeweza kulinganisha namba za stakabadhi na za daftari la ghala anaweza kulinganisha tarakimu hizo pia, kabla faili la WhatsApp halijasimikwa kwenye simu ya kwanza.